Utenzi wa Punda wa Arobaini na Moja

Wino leo sihitaji,
naomba umeme, chaji,
ya Rabbi ndiwe Mpaji,
nyaya zisije katika.

Mimi ni Somoe yule,
nakaa Langoni, mbele
ya kwa muuza mchele,
ukiuliza wafika.

Natunza hati na cheti
za punda, wala si eti;
nao huja kwa tiketi,
mganga akiwataka.

Basi ili kuwalinda
na ndwele ya pepopunda,
wenye afya na vidonda
wote huchomwa kwa mwaka.

Nikaandika programu
iwaite kwa nidhamu,
jina, mwenyewe, na zamu
ya siku watayofika.

Lugha niliyotumia
jina la chatu, sikia,
na siku ikinunia
humeza bila kucheka.

Nafasi moja ya wazi
ikizidi, basi kazi
husimama kama mwizi
kaonwa akitoroka.

Punda kwa herufi kubwa
na ndogo, ni punda na mbwa;
jicho langu lilizibwa,
siku mbili nikisaka.

Hayo yote kayaweza,
orodha ikatokeza;
kuhesabu, nikawaza:
mmoja amechomoka!

Tunao hapa pamoja
arobaini na moja;
mashine kwa yake hoja
arobaini kaweka.

Aliyeachwa ni Debe,
mpole, tena ni zebe,
apewe mawe abebe,
mgongo umechubuka.

Naye Mganga Famau
haulizi kwa dharau:
"Debe mbona wasahau,
na kesho tunamtaka?"

Nikazima, nikawasha,
mstari nikahamisha,
mwingine nikaurusha,
mambo yakavurugika.

Huko kwenye kichochoro
punda alia kihoro;
nikahisi ni kasoro
yangu ndiyo atamka.

Nikamwandikia Lali
wa Mkomani, mkali:
"Haikubali, silali,
niauni, nimechoka!"

Akajibu: "Kwa sikio
langu, hicho ni kilio;
niambie kusudio
na kilichokuja toka.

Nakili, usifupishe,
kosa lote lionyeshe,
yasiyofaa yapishe,
kipande tu ninataka."

Nikanuna, nikafyonya,
mistari nikakusanya,
kumi tu nikaifinya,
saa nane naandika.

Mamangu, chumba cha pili,
akauliza: "Ni Lali
akuposa kwa maswali
usiku bila kuchoka?"

Hakunipa suluhisho,
wala onyo, wala tisho,
aliniuliza mwisho:
"Ramadhani ikifika

wala daku mpaka lini?"
"Mpaka fajiri, kwani?"
"Ikiingia, kinywani
tonge bado utaweka?"

"Siweki, nimeshafunga."
"Basi na chatu hufunga,
namba ya mwisho hutenga,
hali kilicho mpaka."

Kumbe si kosa la chombo,
mimi ndiye mwenye jambo;
hilo neno lina tumbo,
humeza na kutapika.

Nikaigusa kibodi,
namba moja ikazidi,
Debe naye akarudi,
mwishoni kajibandika.

Nikasikia adhana,
kuta zikaitikana,
usingizi sikuona,
nikatoka ninacheka.

Kulipokucha, kaletwa,
"Debe!" jina likaitwa,
sindano ilipochotwa
teke nalo likaruka.

Ndiyo shukurani yake,
alama ya kwato zake
pajani, niikumbuke,
bado haijafutika.

Juzi kaja wa Mokowe,
kijana, hoi mwenyewe:
"Haikubali, nipewe
jibu, dada, kwa haraka!"

Ulimi ulinicheza,
jibu likajitokeza;
mate kwanza nikameza,
nikamwambia: "Andika

ulitaka ipi njia,
ni wapi ilikwamia,
na kosa lilokujia;
mimi hapa, sijatoka."

Kimya kikapita, kisha
simu ikanigutusha:
"Dada, basi, nimekwisha
kuliona... ninacheka."